Msiba wa Ng'ambo ya Kaya

Injini ilizimika katikati ya mto Kaya, na Aliga, badala ya kuiwasha tena, akaanza kusali. Hapo Eyotaru akajua kuwa mambo yameharibika. Alikuwa amesafiri na dereva huyo miaka mingi, akipeleka vitunguu Koboko na kurudi Arua, na hakuwahi kumsikia akimtaja Mungu isipokuwa anapoapa kwamba nauli haipungui.

"Toka! Toka wote!" Tongun alipiga kelele kutoka nyuma ya pikapu. "Maji nakuja!"

Kweli yalikuwa yanakuja. Pale walipokuwa, jua lilikuwa linachoma, lakini kule vilimani mvua ilinyesha tangu alfajiri, na sasa mto ulikuwa unaileta yote kwa mkupuo: maji mekundu, matawi, gogo zima la mti likijipindua. Pikapu ilisukumwa ubavu. Eyotaru alimshika Celestina kiunoni, akamtoa dirishani, wakaangukia kwenye maji ya kifua. Mkondo uliwazoa miguu. Waliburutwa, wakasimama, wakaburutwa tena, mpaka Aliga aliposhika mzizi upande wa Uganda na kunyoosha mkono. Walipanda ukingo kwa magoti na kukaa kwenye matope wakitema maji. Gari lilikuwa limelala ubavu kwenye fungu la mchanga, magurudumu mawili juu. Simu ya Eyotaru ilikuwa imekufa mfukoni.

Walikuwa wanne, wakitoka msibani. Mama yake Celestina alikuwa amefariki huko ng'ambo, Sudan Kusini, mwendo wa nusu siku kutoka mpakani. Celestina alivuka kuja Uganda akiwa binti mdogo, akakulia kambini, kisha akahamia Arua. Alikuwa akiuza samaki wakavu mtaa wa Oli, kibanda chake kikigusana na kile cha vitunguu cha Eyotaru. Miaka yote hiyo mmoja akiugua, mwingine huuzia kwenye meza zote mbili. Kwa hiyo Tongun, mdogo wake Celestina, alipopiga simu kusema mama amekufa kwa ugonjwa wa moyo, Eyotaru hakuuliza mara mbili. Alifunga vitunguu vyake, akamwita Aliga, wakaenda.

Na huko Celestina alifanya linalompasa binti wa kwanza. Alimwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, akamvisha, akamfunga kidevu. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuifanya kazi hiyo mtoto akiwa hai. Kisha beseni la maji likazunguka, mkono baada ya mkono, wakubwa kwanza, wote wakinawa katika maji yaleyale kama desturi ilivyo, na watu wakala sahani moja. Eyotaru alishinda jikoni na masufuria na kula huko huko.

Asubuhi ya kurudi, Celestina alikuwa kimya, mkono tumboni. Kila mtu alidhani ni majonzi. Tongun akasema atawasindikiza mpaka Koboko. Tena yeye ndiye aliyesema wasipite njia kubwa ya Oraba, penye kituo cha mpaka, eti malori yamejaa, watakwama kutwa. Aliga aliafiki haraka mno kwa mtu anayependa lami. Sasa gari lilikuwa mtoni.

"Koboko iko upande gani?" Eyotaru aliuliza, akikamua sketi yake.

Aliga alionyesha kusini. Juu ya nyasi zilizowapita kimo ulionekana mgongo wa kilima cha Liru, wa bluu, mbali. "Wewe naona Liru? Fuata ile. Lakini hapa katikati hakuna barabara. Iko kinamasi, iko mito mingine."

Celestina alinyanyuka, akaenda nyuma ya kichaka. Akarudi, hakukaa, akaenda tena. Mara ya tatu hakufika. Alishika mti, akatapika, na maji yakamtoka chini bila yeye kuweza kuyazuia, meupe, kama yale ya kuoshea mchele. Eyotaru alikimbia kumshika. Nyuma yake alimsikia Aliga akirudi kinyumenyume.

"Ni ile ya mama!" Aliga alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tongun, wewe ilisema imeisha! Ilisema ni wazee tu!"

Eyotaru aligeuka.

"Ile gani?" Eyotaru aliuliza.

Tongun aliangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa kijana mrefu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye adabu ya kupokea mzigo wa mtu kabla hajaombwa.

"Tongun. Ile gani?"

"Kolera," alisema.

Mama hakufa kwa moyo. Alikufa kwa kipindupindu, na kabla yake majirani wawili. Tongun alijua, wajomba walijua, na dereva alijua, kwa sababu alihitajika mtu wa kuwapitisha mbali na wahudumu wa afya wa mpakani, wale wanaouliza umetoka wapi na umemzika nani.

"Kama mimi ilisema, watu wa afya ilikuwa natia mama kwa plastiki," Tongun alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nazika yeye kama takataka. Hakuna mutu ilikuwa nakuja kulia. Hata wewe, dada, wao ilikuwa nakataza wewe kuosha yeye."

Celestina alikuwa amekaa chini, ameegemea mti. Alimtazama mdogo wake.

"Wewe iliniletea beseni," alisema. "Wewe mwenyewe ilishika beseni, mimi naosha."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kifo hakina shabaha, kwamba humwacha aliyeficha na kumpiga aliyefichwa. Eyotaru alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakawa moto. Angempiga Tongun kofi kama mikono yake isingekuwa imemshika Celestina.

Wanaume walijitenga wakanong'ona. Waliporudi, Aliga alikuwa ameshika dumu la maji ya kunywa, lile lililookolewa kutoka garini, na Tongun alikuwa na simu yake, kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Hapa hakuna mtandao, walisema. Watatembea mpaka upatikane, wapige simu, walete watu.

"Acha maji," Eyotaru alisema.

"Njia ni mrefu, Mama Moris," Aliga alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, bila kumtazama. "Sisi natembea. Nyinyi nakaa tu."

"Yeye ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa tumbo hapana kunywa maji. Hata wewe najua."

Tongun alichuchumaa mbele ya dada yake, lakini si karibu. "Dada, mimi narudi mbele ya jua kulala. Naapa kwa mama."

Wakapotelea kwenye nyasi. Eyotaru alizisikia hatua zao zikianza polepole, kama za watu wenye aibu, halafu zikiwa mbio.

*

Alirudi mtoni. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, akafika kwenye gari akishikilia matawi. Nyuma ya pikapu alipata turubai, na gunia la mabaki ya msiba waliyopewa na jamaa: sukari na chumvi ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa, na kikombe cha bati. Alipata pia dumu tupu la mafuta ya kupikia lililokuwa limenasa chini ya kiti. Njiti za kiberiti zilikuwa uji. Alivibeba vyote kichwani na kurudi, na alipofika Celestina alikuwa amejichafua tena na kujikunja kwa maumivu ya misuli ya miguu.

Hapa Eyotaru alifanya kosa, na alilifanya kwa mapenzi. Alilelewa Ayivu, na Ayivu shangazi zake wote walikuwa na neno moja: anayeharisha usimpe maji, unamwongezea ya kutoa. Aliga alikuwa mshenzi, lakini hilo alilolisema hata yeye aliliamini. Basi alimlaza Celestina kwenye kivuli, akamsafisha kwa majani, akamlowesha midomo kwa ncha ya kitambaa, na kumnyima. Mchana kutwa Celestina aliomba, naye akamkataza kama mtoto anayetaka kisu.

Jua lilipoinama, macho ya Celestina yalikuwa yamezama. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Eyotaru aliivuta ngozi ya mkono wake kidogo, ikabaki imesimama. Mbele ya jua kulala, Tongun alikuwa amesema. Eyotaru aliendelea kugeuka kuangalia nyasi mpaka shingo ikamuuma, na nyasi hazikufanya kitu ila kupepea.

Mvua ikaja. Alifunga pembe za turubai kwenye miti, akaacha katikati izame, na maji yakajikusanya, safi, baridi. Celestina alisikia mlio wake na kufumbua macho.

"Mama Moris. Lete."

"Itatoka yote, dada yangu. Mimi naua wewe."

"Itoke." Ilimbidi apumzike kati ya maneno. "Wewe leta ingine. Kule kambi, mimi mtoto, hii kitu ilikuja. Wale mama zao ilifunga maji, ilikufa. Wale ilikunywa, ilipona. Mimi iliona na macho. Tia sukari. Tia chumvi kidogo, halafu wewe onja. Kama chumvi inashinda machozi, mwaga, fanya ingine."

Eyotaru alikuwa akilia tayari, kwa hiyo kipimo hakikuwa mbali. Alikoroga kwenye kikombe kwa kidole alichokisugua kwa mvua, akaonja, akamwaga, akakoroga tena. Celestina alikunywa, akatapika. Eyotaru alisubiri kidogo, akampa tena, sasa kwa funda dogodogo. Likatoka, akampa lingine. Usiku ule wote ulikuwa kikombe na matope na sauti ya mto. Tumbo lake mwenyewe lilianza kumkata, akaenda kichakani mara mbili, akanywa naye kutoka kwenye kile alichokoroga. Yeye lilimwachia. Celestina hakuachiwa, lakini kulipokucha alikuwa hai.

Hakuna aliyekuja.

"Wao imepotea?" Celestina aliuliza.

"Mwanaume mbili, simu, na Liru mbele ya macho?" Eyotaru alisema. "Hapana. Wao imefika."

Alijaza dumu maji ya mvua, akakoroga humo sukari na chumvi yote iliyobaki. Akalifunga kiunoni kwa kamba ya turubai. Kisha akachuchumaa, akamfunga Celestina mgongoni kwa kanga, mwanamke mzima, akasimama. Celestina alikuwa mwepesi mno. Huo wepesi ndio uliomtisha Eyotaru kuliko uzito.

Nyasi zilikata mikono yake. Palipokuwa na kinamasi alikanyaga mashina ya matete, akizama hadi goti, akiuvuta mguu mmoja kisha mwingine, Liru ikipotea na kutokea tena kushoto, na yeye akijirekebisha. Kila alipopumzika alimnywesha. Hawakuzungumza ila kuhusu mwelekeo na maji. Mara moja tu Celestina alisema, mdomo ukiwa karibu na sikio lake, "Mimi ilipeleka Tongun shule na pesa ya samaki." Eyotaru alipandisha kanga juu kidogo, akaendelea.

Chini ya mti wenye kivuli kizuri alimlaza, akaenda kutazama njia. Aliporudi, ardhi kumzunguka Celestina ilikuwa nyeusi na inatembea. Siafu. Walikuwa wamepanda miguuni, mapajani, wakifuata uchafu na maji ya mwili wake, na Celestina hakuwa na nguvu hata ya kupiga kelele. Eyotaru alimshika makwapani na kumburuta, huku akiwapukuta na kuwang'oa mmoja mmoja, vichwa vikibaki kwenye ngozi. Walimuuma yeye pia shingoni na ndani ya blauzi. Akalia kwa sauti, akitoa matusi ya Kilugbara ambayo mama yake hakujua kwamba anayajua, na kila tusi lilikuwa na jina la Tongun ndani yake.

Halafu wakafika kwenye kijito.

Siku nyingine mtu angekiruka. Leo kilikuwa kimejaa, upana wa barabara, maji yakienda kasi chini ya matawi. Ng'ambo, juu ya mteremko, aliona majani ya muhogo yaliyopandwa kwa mistari, na moshi. Eyotaru hakujua kuogelea vya kutosha kujibeba mwenyewe, sembuse mwingine. Kitu pekee chenye kuelea kilikuwa lile dumu, na dumu lilikuwa nusu, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa uhai wa Celestina.

Alikaa akilitazama. Kama moshi ule ni wa watu waliokwisha kuondoka, na yeye amemwaga maji, basi.

"Kunywa," alimwambia. "Kunywa mpaka wewe nashindwa."

Alimnywesha taratibu, jua likisogea. Yaliyobaki aliyatazama, akayamwaga kwenye nyasi. Akafunga kifuniko kwa meno, akalifunga dumu tupu kifuani mwa Celestina, akaingia naye. Baridi iliwakata pumzi. Katikati miguu yake iliacha ardhi, akapiga mateke kama mbwa, akameza maji, akalisukuma dumu mbele kwa paji la uso. Tawi lilimpiga begani. Alilishika hilohilo tawi, akajivuta, na kidole cha mguu kikagusa changarawe.

*

Mtu aliyekuwa akipalilia muhogo alipowaona aliinua jembe.

"Simama hapo! Nyinyi ni nani?"

"Sisi natoka Kaya," Eyotaru alisema. Hakuweza kusimama, alikuwa amepiga magoti, Celestina akiwa kando yake. "Mimi Eyotaru, wa Oli, Arua. Huyu Celestina. Gari yetu iliingia mtoni."

Jembe lilishuka. Uso wa mtu yule ulibadilika kuwa kama wa aliyeona kitu ambacho hakitakiwi kuonekana mchana.

"Lakini nyinyi imekufa," alisema.

Jina lake lilikuwa Obeti. Jana, alisema, wanaume wawili walitokea kwenye njia ya juu. Mmoja mrefu, kijana, alilia mpaka akaanguka. Alisema dada yake na mama mmoja wa Arua wamechukuliwa na mto, wamewatafuta, hata nguo hawakuiona. Watu wa hapa walitaka kwenda na kamba. Akawakataza, eti miili imeshakwenda mbali, wasijihatarishe.

"Sisi ilikalisha yeye," Obeti alisema. "Mutu iko na msiba, wewe nafanya nini? Mke yangu ilipika enya, ugali ya muhogo. Sisi ilinawa, sisi ilikula na yeye, sisi ilisali sababu yenu."

"Ilinawa kwa beseni moja?"

"Beseni moja. Yeye ni mgeni, yeye ilinawa mbele." Obeti aliweka jembe chini. "Halafu yeye ilikuwa nakwenda sana kwa choo. Ilisema ni huzuni."

Kutoka nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya mtu anayetapika.

Eyotaru alifumba macho. Alikuwa amedhani jana kwamba ameufikia mwisho wa uovu wa Tongun, kwamba kijana alikimbia kwa woga, na woga mtu anaweza kuuelewa. Lakini huyu hakukimbia tu. Aliwaua kwa mdomo wake ili asiwepo wa kuwatafuta, ili wasipatikane wakiwa hai na ugonjwa wao na msiba wao. Kisha akaenda kulilia kwenye nyumba ya watu wema, akala huruma yao, akawaachia kifo kwenye maji ya kunawa.

"Iko na simu?" alisema.

"Iko."

"Piga kwa watu wa afya. Sema kolera. Hapana sema tumbo, hapana sema malaria. Kolera."

Obeti alishika simu bila kubonyeza. "Mama, mimi nikisema hiyo neno, nani itanunua muhogo yangu? Watu itapita mbali na nyumba hii mwaka mzima. Labda mke yangu ni..."

"Obeti!" Eyotaru alisimama, akayumba, akasimama tena. "Mwenye kufanya hivyo ndio ilileta hii kitu kwa mlango yako! Huyu mwanamke, ndugu yake ilificha, angalia yeye! Piga!"

Alipiga. Neno alilitamka, kwa sauti, mpaka jirani aliyekuwa akisikiliza kwenye ua akaondoka. Eyotaru aliuliza maji yaliyochemshwa yako wapi, sukari iko wapi, chumvi iko wapi. Aliwalaza Celestina na mke wa Obeti, Phiona, kwenye mkeka mmoja uwanjani, akawa anakwenda huku na huku na vikombe viwili. Phiona alikuwa mwanamke mkubwa mwenye haya, akiomba radhi kila alipotapika. "Pole, mama," alimwambia Celestina, "sisi ililia wewe sana." Celestina alimshika mkono.

Gari la wagonjwa lilifika na dawa za kupuliza na watu wenye mabuti. Walipomwinua Celestina, mhudumu aligusa kifundo chake akitafuta mshipa, akatafuta tena, akamtazama mwenzake. Kisha sindano ikaingia, na maji yakaanza kushuka kwenye mrija.

*

Hema la matibabu lilikuwa nje kidogo ya mji wa Koboko, lina harufu ya klorini inayouma macho. Walimwekea Celestina chupa baada ya chupa. Ilipofika asubuhi, ngozi ya mkono wake ilikuwa inarudi chini ukiivuta, na aliomba chai. Eyotaru alitoka nje, akakaa kwenye tofali na kulia kwa kwikwi mpaka mlinzi akamletea kiti.

Aliporudi ndani ndipo alipomwona. Kitanda cha tatu upande wa pili, mrefu, miguu ikipita mwisho wa kitanda, mrija mkononi. Walimwokota kando ya barabara ya kuingia mjini, amelala kwenye mtaro. Aliga hakuwa naye. Aliga alikuwa amemwacha hapo, akapanda bodaboda kwenda zake Arua.

Muuguzi, mwanamke mtulivu aitwaye Margarita, alikuwa ameinama juu ya Tongun. "Wewe ilitoka wapi? Ilikula wapi? Iko msiba yoyote?"

"Mimi natoka Arua," Tongun alisema. "Natafuta makaa. Hakuna msiba."

Kisha akageuza kichwa, akaona kitanda cha dada yake.

Alianza kulia, na Eyotaru, aliyekuwa amejiandalia maneno yote ya kumtukana, aliona kwamba machozi yale ni ya kweli, na hilo lilimkasirisha zaidi. "Dada," alisema kwa Kibari, lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Dada, Mungu iko. Mungu imesaidia wewe."

Celestina alimwita Margarita kwa kidole.

"Huyu nasema uongo," alisema. "Msiba iko. Ni mama yetu. Ilikufa kwa kolera, na watu wengi ilikuja, ilikula. Leo wao iko nyumbani, nakunywa kisima moja. Nyinyi hapana kuwa na watu ng'ambo, wa kupeleka habari?"

"Iko," Margarita alisema, akivuta kiti. "Nani ilikuwa huko?"

"Dada, nyamaza!" Tongun alijaribu kukaa. "Wewe nauza watu yetu! Watu itafukua mama! Wajomba itasema nini? Hii ni aibu ya nyumba, dada, aibu kubwa!"

Celestina aligeuka, akamtazama mdogo wake kwa macho ambayo bado yalikuwa na shimo chini yake.

"Mimi ilikufa kwa mto, Tongun. Wewe mwenyewe ilisema. Maiti haina aibu."

Akaanza. Mjomba Natale na wake zake, nyumba ya kwanza karibu na kisima. Lokule fundi baiskeli. Keji, mjamzito, aliyeshika kichwa cha mama wakati wa kuosha. Angelo na watoto wake, aliwataja wote, na yule mdogo ambaye bado hajapewa jina. Tongun alivuta shuka mpaka usoni. Sauti ya Celestina ilikuwa ikikatika, akanywa funda, akaendelea na nyumba nyingine, mpaka haikutoka tena. Akamwangalia Eyotaru.

Eyotaru alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Bado iko mmoja," alimwambia Margarita. "Dereva. Aliga, wa Awindiri, Arua, nyuma ya kinu cha kusaga. Mke yake ni Kevina. Iko na watoto wane. Tafadhali, piga yeye sasa, sababu saa hii watoto nakula na baba yao."